Nyuma ya Mnara: Mhitimu wa Mawasiliano Aitafute Wapi Kazi

Matini ya mazungumzo kwa wazazi, wahitimu na wanafunzi wa kata zinazouzunguka Mlima Meru. Yanachapishwa hapa ili yawafikie pia wakazi wasiopata nafasi ya kuyasikiliza.



Katika kata za miteremko ya Meru, kuanzia Akheri na Nkoaranga hadi Oldonyosambu, ada ya chuo hutoka mahali panapojulikana. Hutoka kwenye kahawa na migomba, kwenye ng'ombe wa maziwa, kwenye mbuzi wanaopelekwa mnadani, na mara nyingine kwenye kipande cha shamba la ukoo ambacho kikishauzwa hakirudi. Kwa sababu hiyo, mzazi ambaye mwanawe amechaguliwa kusomea uhandisi wa mawasiliano ana haki ya kuuliza: akimaliza, ataajiriwa na nani?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni moja: kampuni za simu. Kila mtu ana simu, minara inaonekana kila kilima, mabango yamejaa barabarani; basi kazi zipo. Kijana husoma miaka mitatu au minne akiwa na jibu hilo kichwani. Akishahitimu huandika barua kwa kampuni nne au tano anazozifahamu kwa majina, husubiri mwaka, huandika tena, na mwisho huanza kuamini kwamba amesoma bure. Nyumbani nako manung'uniko huanza, kwa kuwa shamba limekwenda na mshahara haujaja.

Hoja ya mazungumzo haya ni kwamba sehemu kubwa ya kazi za mawasiliano iko nje ya kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye laini ya simu. Imetawanyika katika mnyororo mrefu wa waajiri wakubwa na wadogo. Anayeujua mnyororo huo, akaanza kujiandaa angali chuoni, hupata pa kuanzia. Anayeujua mlango mmoja tu husubiri mlangoni hapo.

MWAJIRI MMOJA WA ZAMANI

Wazee wanaikumbuka Posta na Simu. Kabla ya mwaka 1977, huduma za posta na simu za Tanzania, Kenya na Uganda ziliendeshwa na shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makao makuu ya shirika hilo yalikuwa Kampala, wakati makao makuu ya Jumuiya yenyewe yalikuwa hapa Arusha. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, Tanzania ikaunda Shirika lake la Posta na Simu. Fundi aliyepanda nguzo, mhandisi aliyesimamia mtambo, karani wa ankara na dereva wa gari la nyaya, wote walikuwa watumishi wa mwajiri huyo mmoja. Kijana aliyepata nafasi humo alifundishwa humo, akapandishwa cheo humo na kustaafia humo. Picha ya ajira ambayo wazazi wengi wanayo hata leo imetokana na enzi hiyo.

Enzi hiyo ilikwisha katika miaka ya 1990. Sheria za mwaka 1993 zililigawa shirika: posta ikabaki kwa Shirika la Posta Tanzania, simu zikaenda TTCL, na usimamizi wa sekta ukakabidhiwa Tume ya Mawasiliano. Kampuni za simu za mkononi zikaingia, Mobitel katikati ya miaka hiyo ya 1990, Vodacom mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na baadaye Halotel mwaka 2015. Mwaka 2003 ikaundwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Majina nayo hayakutulia: Mobitel ilikuja kuwa Tigo, na tangu mwishoni mwa mwaka 2024 inaitwa Yas, Celtel ikawa Zain, kisha Airtel. TTCL ikafanywa shirika la umma kwa sheria ya mwaka 2017.

Watumiaji wameongezeka mno. Mwishoni mwa mwaka 2024, laini za simu zilizosajiliwa nchini zilikuwa zimepita milioni 80. Hapo ndipo mzazi anaposhangaa: sekta iliyokua kiasi hicho inakosaje nafasi kwa mhitimu mmoja wa Usa River?

Sababu ni kwamba kampuni za simu, kadiri zilivyokua, ziligawa kazi zake. Minara mingi imeuzwa kwa kampuni ambazo biashara yake ni minara tu. Mojawapo ni Helios Towers, iliyonunua minara ya zaidi ya kampuni moja ya simu nchini, na mnara mmoja siku hizi unaweza kubeba antena za kampuni mbili au tatu. Kampuni ya minara nayo huwapa wakandarasi ujenzi, ulinzi, umeme na matengenezo. Vifaa vya redio hutengenezwa na kampuni za nje kama Huawei, Ericsson, Nokia na ZTE, na hufungwa na mafundi wa wakandarasi. Uuzaji wa vocha, usajili wa laini na huduma za fedha umekwenda kwa mawakala. Kampuni yenye jina kubwa imebaki na watumishi wachache ukilinganisha na watu wote wanaoishi kwa kazi yake.

MNARA MMOJA, MIKONO MINGI

Njia nyepesi ya kuuona mnyororo huo ni kuufuatilia mnara mmoja tangu mwanzo wake.

Kwanza huja mtu wa mipango, ambaye hutazama ramani, idadi ya watu na umbo la ardhi, kisha akapendekeza mahali. Katika eneo hili kazi hiyo si ndogo. Mlima Meru una urefu unaozidi mita 4,500, na umezungukwa na migongo na makorongo. Mawimbi ya simu hayapiti ndani ya mlima. Kijiji kilicho nyuma ya mgongo wa kilima kinaweza kukosa mtandao ingawa mnara uko kilomita chache tu kutoka hapo. Kadhalika, minara inayopashana habari kwa sahani za maikrowevu inahitaji sahani mbili zionane bila kizuizi. Kwa hiyo Ngarenanyuki, iliyo kaskazini mashariki ya mlima, haihudumiwi kwa hesabu zile zile zinazotumika katika tambarare ya Kisongo.

Baada ya mipango huja mwafaka wa ardhi, upimaji, kibali cha ujenzi na ukaguzi wa mazingira. Hapo wanahitajika wanasheria, wapimaji na maofisa wa mazingira. Kisha msingi huchimbwa, zege humwagwa, vyuma hupandishwa. Wapandaji wa minara ni mafundi wenye mafunzo maalumu ya kufanya kazi kwenye urefu, nao huvaa mikanda na kofia za usalama. Baada yao huja watu wa umeme. Mnara hauwezi kuzimika kila umeme wa gridi unapokatika, hivyo huwekewa betri, jenereta au paneli za sola, na mtu wa kuvitunza. Halafu hufungwa redio na antena, na timu nyingine huzunguka kwa gari yenye vifaa vya kupima nguvu ya mawimbi barabara kwa barabara. Mnara ukishawaka, kituo cha uangalizi huutazama kupitia kompyuta usiku na mchana. Kikiona hitilafu, humpigia fundi wa kanda aondoke na gari, hata saa nane za usiku.

Ujenzi huu unaendelea. Tarehe 13 Mei 2023, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) na watoa huduma walitiliana saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za vijijini, mahali ambapo biashara peke yake isingeufikisha mtandao. Kila mnara kati ya hiyo unahitaji kazi zote zilizotajwa, na baada ya kujengwa unahitaji matunzo kwa miaka mingi. Mhitimu anayeandika barua kwa kampuni ya simu tu hajagusa hata nusu ya waajiri hao.

KAZI ILIYO CHINI YA ARDHI

Sehemu nyingine ya mnyororo haionekani kwa macho, kwa kuwa imefukiwa. Tangu mwaka 2009 nchi imekuwa ikijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ni mtandao wa kebo za nyuzi za kioo zinazojulikana mitaani kama faiba. Mwaka huo huo wa 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo, mawasiliano mengi ya intaneti na nchi za nje yalitegemea setelaiti, kwa bei ambayo wengi hawakuimudu. Mkongo wa Taifa, unaosimamiwa na TTCL, umefika mikoani, na Arusha iko katika njia yake ya kuelekea mpaka wa Namanga.

Faiba huajiri watu wa namna yake. Kuna wanaochimba mitaro, wanaopitisha kebo, na wanaounganisha nyuzi kwa mashine ya kuyeyusha kioo, kazi inayotaka mkono uliotulia na usafi mkubwa. Wengine hutumia kifaa cha kupimia ili kujua kebo imekatika umbali gani kutoka kituoni, bila kuifukua yote. Katapila linalotengeneza barabara likiikata kebo, hospitali, benki na hoteli husimama, na anayeitwa kwanza ni fundi huyo. Jiji lenye taasisi za kimataifa, hoteli za watalii, vyuo na hospitali kama Arusha haliwezi kukosa haja naye. Stadi hii hupatikana kwa mafunzo mafupi yenye mazoezi mengi, na anayeimudu anaweza kuitwa kazini na wakandarasi kadhaa kwa mwaka.

Mlima jirani unatoa mfano mwingine. Mwaka 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi kwenye Mlima Kilimanjaro, kwanza katika vituo vya njiani mwezi Agosti, kisha kwenye kilele cha Uhuru mwezi Desemba. Vifaa havikupanda vyenyewe. Palihitajika watu wanaojua umeme, mawimbi na baridi ya mlimani kwa wakati mmoja. Kijana aliyelelewa kwenye miteremko ya Meru ana sehemu ya ujuzi huo tayari. Kilichobaki ni masomo.

WASIOKUWA WAHANDISI

Mawasiliano hayaajiri mafundi peke yao. Huduma za fedha kwa simu, zilizoanza nchini mwaka 2008 kwa M-Pesa, zimefungua kazi za uhasibu, ukaguzi, sheria, udhibiti wa udanganyifu na usimamizi wa mawakala. Benki Kuu inazisimamia kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, hivyo kila mtoa huduma anahitaji watu wanaoielewa sheria hiyo. Kuna vituo vya huduma kwa wateja, uchambuzi wa takwimu, usalama wa mitandao na uandishi wa programu. Aliyesoma uhasibu au sheria, akaongeza uelewa wa mifumo ya malipo, anaweza kuitwa kwenye usaili kabla ya mhandisi asiyeongeza chochote juu ya cheti chake.

Jambo hili liwafikie pia wazazi wa mabinti. Ipo dhana kwamba kazi ya simu ni kupanda minara na kwamba haimfai mwanamke. Wapo wanawake wanaopanda minara. Zaidi ya hapo, mipango ya mtandao, uangalizi wa mitambo, uunganishaji wa faiba, usalama wa mitandao na usimamizi wa miradi havidai misuli. Vinadai hesabu na umakini. Binti anayependa fizikia asirudishwe nyuma kwa sababu ya picha ya mtu aliyening'inia kwenye vyuma.

VYUO VILIVYO KARIBU

Mkazi wa Arusha na Meru hana haja ya kudhani kwamba elimu hii iko Dar es Salaam au Dodoma tu. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani, kinafundisha elektroniki na mawasiliano. Chuo cha Uhasibu Arusha, kilichopo Njiro, kinafundisha TEHAMA na usalama wa mitandao pamoja na uhasibu. VETA inatoa ufundi wa umeme, ambao ni msingi wa kazi nyingi zilizotajwa. Tengeru iko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa rasmi mwezi Novemba 2012, ambayo ilianzishwa kwa ajili ya masomo ya uzamili na uzamivu. Mhitimu wa shahada anaweza kuendelea hapo bila kuhama nyumbani.

Katika kuchagua, wazazi wengi huidharau stashahada, wakiiona ni ya walioshindwa. Kwa kazi hii dharau hiyo ina gharama. Fundi sanifu mwenye stashahada hufundishwa kwa mikono, na ngazi za mwanzo za mnyororo uliotajwa hutafuta mikono. Anaweza kuanza kazi, kisha akajiendeleza hadi shahada akiwa na kipato chake mwenyewe. Tena, tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imekuwa ikitoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada. Kabla ya kuuza ardhi, familia iangalie kama kozi ya mtoto wao imo.

KUTOKA CHETI HADI KAZI

Cheti cha chuo hakitoshi peke yake. Mhitimu wa uhandisi anapaswa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kwanza kama mhandisi mhitimu. Bodi hiyo ina mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu, ujulikanao kama SEAP, ambapo mhitimu hufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu hadi atimize masharti ya kuwa mhandisi mtaalamu. Mafundi sanifu nao husajiliwa na Bodi hiyo hiyo. Wataalamu wa TEHAMA husajiliwa na Tume ya TEHAMA. Usajili huu ni jambo ambalo mkandarasi huliangalia, kwa sababu yeye mwenyewe huulizwa wataalamu wake ni akina nani anapoomba zabuni.

Nafasi za taasisi za umma, zikiwemo TTCL na TCRA, hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti hiyo. Mhitimu ajisajili mapema na kuweka taarifa zake sawasawa, kwani majina yanayotofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA huwaangusha wengi kabla ya usaili. Serikali ina pia mpango wa utarajali unaowapeleka wahitimu kujifunza kazini kwa muda.

Jambo lenye uzito kuliko yote hufanyika kabla ya kuhitimu. Mafunzo kwa vitendo ya likizo, ambayo wanafunzi wengi huyachukulia kuwa ni kutafuta muhuri na alama, ndiyo nafasi ya kujulikana. Mwanafunzi atafute mkandarasi wa minara au wa faiba, hata mdogo, ajaze kitabu chake cha kumbukumbu kwa ukweli, na aondoke na mtu mmoja anayeweza kumshuhudia. Leseni ya udereva, cheti cha usalama kazini na uzoefu wa umeme wa sola humtofautisha na wenzake mia wenye shahada ile ile. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

KAZI YA MKATABA NA HAKI ZAKE

Haifai kuwaficha vijana upande wa pili. Kazi za wakandarasi mara nyingi ni za muda mfupi. Mradi ukiisha, kibarua huisha. Kazi ya kwenye urefu na ya umeme ina hatari, na ajali moja inaweza kumaliza matumaini ya nyumba nzima. Kwa hiyo kijana anayepata kazi hiyo aulize mambo matatu kabla ya kupanda chochote.

La kwanza ni mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. La pili ni michango ya NSSF, ambayo kijana anaweza kuihakiki mwenyewe bila kungoja kuambiwa. La tatu ni kama mwajiri amesajiliwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaolipa mfanyakazi anapoumia au kuugua kutokana na kazi. Mwajiri asiye na majibu ya mambo haya matatu anaomba kijana abebe hatari ambayo si yake. Anayeachishwa kazi isivyo halali afikishe lalamiko lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30; zikishapita, ni lazima kwanza aombe Tume ikubali kupokea lalamiko lililochelewa.

TAHADHARI KWA WANAOTAFUTA

Palipo na njaa ya kazi hapakosi tapeli. Wapo wanaotuma ujumbe wakijitambulisha kuwa maofisa wa kampuni au taasisi, wakidai fedha za usaili, za fomu au za sare. Ajira ya umma hailipiwi, na mwajiri wa kweli hamtozi mtu ili amwajiri. Ujumbe wa namna hiyo upelekwe kwenye namba 15040, na taarifa itolewe polisi.

Vijana wanaosajili laini mitaani nao wawe waangalifu. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Anayemwekea mteja kidole mara mbili bila maelezo, au anayekubali laini ya mtu mwingine isajiliwe kwa kidole chake, anafungua mlango wa jinai. Kila mkazi anaweza kupiga *106# akaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

KUJIAJIRI NA MCHANGO WA HALMASHAURI

Si lazima kila mhitimu awe mwajiriwa. Wahitimu kadhaa wanaweza kuungana, mmoja akijua faiba, mwingine umeme wa sola, mwingine kompyuta na mwingine hesabu za fedha, wakasajili kikundi au kampuni. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mashine ya kuunganishia faiba, ngazi, mikanda ya usalama na vifaa vya kupimia ni mali zinazoweza kuelezwa vizuri katika andiko la mkopo, kwa sababu kazi yake inahesabika. Maelezo na fomu hupatikana kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kujiandikisha katika mfumo wa ununuzi wa umma, NeST. Sheria inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana na wanawake. Shule, vituo vya afya na ofisi za kata zinahitaji mitandao ya ndani, kamera, sola na matengenezo ya kompyuta. Kazi hizo ni ndogo kuliko mnara, lakini ndizo zinazompa kijana rekodi ya kuonyesha kwa mkandarasi mkubwa.

Mwisho, maneno machache kwa mzazi aliyekaa na barua ya udahili mkononi. Kabla ya kuita mnunuzi wa shamba, akae na mwanawe wajibu pamoja: kozi hii ina mazoezi ya mikono kiasi gani, mikopo ipo au haipo, ni wakandarasi gani watatu wa karibu ambao mtoto ataomba kujifunza kwao likizo ya kwanza, na akikosa kampuni yenye jina kubwa, ni kazi ipi katika mnyororo huu atakayoanza nayo. Familia ikishindwa kujibu swali la mwisho, bado haijawa tayari kuuza chochote. Ikilijibu, ada itakayolipwa itakuwa na mahali pa kurudi.